Mtego na Asiyekuwemo: Dema, Kikande na Nungu wa Bahari katika Miamba ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtego wa panya huingia aliyemo na asiyekuwemo. Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi, methali hii hufafanuliwa kwa kuhusishwa na binadamu: asiye na hatia hunaswa pamoja na mkosaji, na msikilizaji huonywa ajihadhari na mahali pasipo pake. Ni nadra kuulizwa swali la pili linalozaliwa na methali hiyo hiyo. Je, huyo asiyekuwemo akishanaswa, kazi aliyokuwa akiifanya huko alikotoka itafanywa na nani?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza mtego mmoja wa pwani yetu, samaki mmoja anayenaswa ndani yake, na mnyama mmoja anayeongezeka pindi samaki huyo anapopungua. Mtego wenyewe ni dema. Samaki ni kikande. Mnyama ni yule kiumbe mviringo wa miambani mwenye miiba mwili mzima, ambaye kila mtoto wa pwani aliyewahi kumkanyaga hamsahau. Katika makala haya tutamwita nungu wa bahari, kwa kuwa umbo lake humkumbusha mtazamaji nungunungu wa nchi kavu.

Eneo tunalolizungumzia ni ukanda wa miamba unaoanzia Mtwapa, ukapita Kanamai, Vipingo, Kuruwitu na Takaungu, hadi Watamu na Malindi. Hili si jambo la kuwaachia wanasayansi peke yao. Linahusu kitoweo cha maelfu ya watu wa Kaunti ya Kilifi, karo za watoto wao, na uhai wa mwamba ambao ndio ukuta unaozuia mawimbi yasiile pwani yenyewe.

Dema na ufundi wake

Dema, ambalo baadhi ya wavuvi huliita lema, ni miongoni mwa zana kongwe za uvuvi katika upwa wa Waswahili na Wamijikenda. Hufumwa kwa fito na vipande vyembamba vya miti au mianzi, likawa na umbo la kikapu kipana chenye pembe kadhaa. Siri yake imo mlangoni. Mdomo wa dema huanza mpana kwa nje na kuishia mwembamba kwa ndani, kiasi kwamba samaki huingia kwa urahisi lakini hupata taabu kuiona njia ya kutokea. Ndani hutiwa chambo: mwani, konokono wa bahari waliopondwa, na mara nyingine nungu wa bahari mwenyewe aliyevunjwa. Kisha dema hutiwa mawe ya kulizamisha, likateremshwa katika maji ya ndani ya mwamba, na kuachwa hadi siku ya pili au zaidi.

Ni muhimu kueleza kwa nini maji hayo ya ndani ya mwamba huvuliwa sana. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, na mwenye chombo kizuri aweza kuvuka mwamba akavua kilindini. Kusi inapovuma, bahari huchafuka, na wavuvi wengi wenye mitumbwi na ngalawa ndogo hubaki ndani. Kwa hivyo samaki wa ndani ya mwamba hawana msimu wa kupumzika. Idadi ya wavuvi nayo imeongezeka kadiri watu walivyoongezeka na kadiri ajira za nchi kavu zilivyokuwa adimu.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba dema si zana mbaya kuliko nyingine. Juya linalokokotwa hukwangua nyasi za bahari na kuvunja matumbawe, likazoa wakubwa kwa wadogo. Bunduki ya mkuki humtafuta samaki hadi mafichoni mwake. Ndiyo maana Serikali ya Kenya iliyapiga marufuku majuya na bunduki hizo mwaka 2001. Dema halikokotwi wala halifukuzi. Hukaa likangoja. Zaidi ya hayo, samaki aliyenaswa ndani yake kwa kawaida hutolewa akiwa hai. Msomaji aliweke akilini jambo hili la mwisho, maana ndilo litakalotuongoza hadi mwisho wa makala.

Kikande ni nani?

Jina kikande hutumika kwa jamii nzima ya samaki wenye ngozi ngumu, mdomo mdogo na meno yenye nguvu kupita kiasi. Anayetuhusu zaidi hapa ni yule mwenye mistari ya rangi ya machungwa katika mwili wa kijani kibichi kilichoiva, ambaye wanasayansi humwita Balistapus undulatus. Ana mwiba mgongoni ambao anaweza kuusimamisha na kuufunga kama komeo. Akitishwa hujitumbukiza katika tundu la mwamba, akausimamisha mwiba huo, na hakuna nguvu ya maji wala ya adui itakayomtoa.

Kikande huishi katika eneo dogo analolijua, na hana woga wa kukikaribia chakula kipya. Sifa hizo mbili humfaa mwambani lakini humponza mbele ya dema. Mtego ukiteremshwa katika mtaa wake, atauona. Ukiwa na chambo cha konokono au nungu wa bahari, ataingia. Aidha, kwa kuwa vikande si wengi hata katika mwamba wenye afya, kuondolewa kwa wachache tu huonekana upesi.

Chakula chake ndicho kinachompa umuhimu. Samaki wengi wa miambani hawawezi kumla nungu wa bahari aliyekomaa, kwa sababu ya miiba. Kikande anaweza. Humng'ata miiba, humgeuza, na kulivunja gamba lake kwa meno. Wapo samaki wengine wanaoshiriki kazi hiyo, lakini utafiti wa miamba ya Kenya umeonyesha kwamba huyu wa mistari ndiye mlaji mkuu.

Nungu wa bahari anapobaki bila adui

Tangu miaka ya 1980, wataalamu Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga, wakishirikiana na wenzao, wamekuwa wakilinganisha miamba ya aina mbili katika pwani ya Kenya. Aina ya kwanza ni ile iliyomo katika hifadhi ambamo uvuvi hauruhusiwi, kama vile Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968 na ambazo ni miongoni mwa hifadhi za bahari kongwe zaidi barani Afrika. Aina ya pili ni miamba inayovuliwa kila siku, kama vile Vipingo na Kanamai.

Njia mojawapo waliyoitumia ni nyepesi kueleweka. Walichukua nungu wa bahari hai, wakawapitishia uzi wa nailoni mwilini, wakawafunga miambani, kisha wakarudi baada ya saa 24 kuhesabu walioliwa. Masalio ya gamba yaliwasaidia kumtambua mlaji. Matokeo yaliyochapishwa na McClanahan na Shafir mwaka 1990 yalikuwa wazi. Katika miamba inayovuliwa, kasi ya kuliwa kwa nungu wa bahari ilikuwa ndogo mara 4 kuliko katika miamba iliyohifadhiwa, na wingi wao ulikuwa mkubwa kwa zaidi ya mara 100.

Tofauti ya mara 100 si jambo la kupita haraka. Nungu wa bahari, hasa yule mdogo anayechimba mashimo ambaye huitwa Echinometra mathaei, hula mwani kwa kuukwangua mwambani. Wakiwa wachache, kazi yao ina faida, kwani husaidia kuuzuia mwani usiyafunike matumbawe. Wakiwa wengi, mambo hubadilika kwa namna mbili.

Kwanza, meno yao hayakwangui mwani peke yake. Hukwangua na jiwe. Mwamba ulioinuliwa na matumbawe kwa karne nyingi huanza kusagwa kuwa mchanga kwa kasi inayoweza kuishinda kasi ya matumbawe kuujenga. Pili, huwapokonya chakula samaki wanaotegemea mwani huo huo, kama vile pono na kangaja. Nungu wa bahari anaweza kuishi kwa chakula kidogo mno ambacho hakimtoshi samaki, kwa hivyo katika mashindano hayo mara nyingi yeye ndiye anayebaki. Hapa ndipo mvuvi anapopata hasara asiyoiona chanzo chake. Anamtoa kikande ili apate kitoweo cha leo, nungu wa bahari anaongezeka, naye pono wa kesho anakosa malisho. Mwiba wa kujidunga, walisema wazee, hauambiwi pole.

Mtu angeweza kudhani kwamba dawa ni kuwaondoa nungu hao kwa mikono. Jaribio hilo limefanywa hapa Kenya, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1996. Nungu wa bahari walipopunguzwa katika hifadhi ya Mombasa, ambamo samaki wala mwani walikuwa wamekwisha kuanza kurejea, samaki waliongezeka. Walipopunguzwa katika miamba inayoendelea kuvuliwa, mwani ulishamiri na kuyasonga matumbawe, kwa sababu hapakuwa na samaki wa kutosha wa kuushughulikia. Funzo ni kwamba kumwondoa mlaji mmoja hakumrudishi yule mwingine.

Mfano wa ng'ambo

Kisa hiki cha pwani yetu kina ndugu zake duniani. Katika Bahari ya Pasifiki ya kaskazini, kati ya Urusi na Alaska, aliishi kwa wingi fisi-maji wa baharini, mnyama mwenye manyoya mazito. Kuanzia karne ya 18 alisakwa kwa ajili ya manyoya hayo hadi mwaka 1911, mkataba wa kimataifa ulipomlinda akiwa karibu kutoweka. Chakula chake kimojawapo ni nungu wa bahari. Mwaka 1974, watafiti Estes na Palmisano walionyesha kwamba katika visiwa ambako fisi-maji alikuwa amerudi, misitu ya mwani mkubwa ilisitawi chini ya maji. Katika visiwa ambako hakuwapo, nungu wa bahari walikuwa wameila misitu hiyo na kubakiza mawe matupu.

Nchi kavu nako, katika mbuga ya Yellowstone nchini Marekani, mbwa mwitu walimalizwa kwa mitego, sumu na risasi kufikia miaka ya 1920, na kulungu wakubwa wa huko wakaongezeka wakailemea miti michanga. Mbwa mwitu walirejeshwa kuanzia mwaka 1995. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu kiasi gani cha mabadiliko yaliyofuata kilitokana na mbwa mwitu peke yao, kwa kuwa dubu na wawindaji nao huwaua kulungu. Ubishi huo una manufaa kwetu, maana unatukumbusha kwamba viumbe hawafungamani kama shanga katika uzi mmoja. Hata katika miamba yetu, joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ndani na nje ya hifadhi, na hakuna kikande ambaye angelizuia.

Mwaka 1969 mwanasayansi Robert Paine alimfananisha kiumbe wa aina hii na jiwe la katikati ya tao. Msomaji aliyewahi kuzuru magofu ya Gede, karibu na Watamu, ataielewa tashbihi hiyo bila taabu. Tao la mlango lina mawe mengi, na lile la juu kabisa si kubwa kuliko mengine. Likitolewa, mengine hayana pa kuegemea.

Mizani ya mvuvi

Ni rahisi kwa mwandishi aliyeketi maktabani kumlaumu mvuvi. Lakini hebu tuitazame hali yake. Hifadhi za Malindi na Watamu zilipotengwa, maeneo yaliyokuwa yakivuliwa na wenyeji yalifungwa kwa amri iliyotoka mbali, na manung'uniko ya kupokonywa bahari yangalipo hadi leo. Mvuvi anayelipandisha dema lenye samaki wanne, mmoja wao kikande, hana sababu iliyo dhahiri ya kumrudisha majini. Ngozi ya kikande ni ngumu na huchunwa kabla ya kupikwa, lakini nyama yake huliwa na huuzwa. Kumwambia mtu huyo kwamba samaki huyo ni jiwe la tao, wakati nyumbani kwake hakuna unga, ni kumsomea kitabu mwenye njaa.

Pamoja na hayo, ni wavuvi wenyewe waliotoa jibu moja la kutia moyo. Wanakijiji wa Kuruwitu, walipoona samaki wanazidi kupungua, waliamua kwa hiari yao kulitenga eneo la takriban hekta 30 la mwamba wao lisivuliwe. Hiyo ilikuwa mwaka 2005. Samaki walirejea, matumbawe yakaanza kupata nafuu, na mwaka 2017 jumuiya hiyo ikatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wanafunzi wa lugha watapendezwa na jina lililoshika kwa maeneo ya namna hii: tengefu, kutokana na kitenzi tenga. Halikukopwa popote. Wala wazo lenyewe si geni kwa jamii ambazo kwa vizazi vingi zilizitenga kaya zao katika misitu, wakakataza kukatwa mti ndani yake.

Hata hivyo, tengefu zina mipaka yake. Kikande hukawia kurejea. Utafiti wa hifadhi za umri mbalimbali umeonyesha kwamba idadi yake huchukua miongo kadhaa kufikia kiwango cha mwamba usiovuliwa. Tena haiwezekani kuufunga mwamba wote kutoka Mtwapa hadi Malindi, kwa kuwa watu lazima wale. Ndipo tunaporejea katika dema lenyewe.

Je, mtego waweza kuchagua?

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa uvuvi wamelifanyia dema marekebisho madogo: mwanya mwembamba ubavuni, wenye upana wa sentimita 3 na kimo cha sentimita 30. Samaki wachanga na wale wembamba hupenya wakaenda zao, na wanene waliokomaa hubaki. Mtu angetarajia mvuvi apate hasara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Mbaru na McClanahan, uliofanywa katika maji yanayovuliwa sana hapa Kenya, ulionyesha kwamba samaki waliobaki walikuwa wakubwa zaidi na kipato kiliongezeka badala ya kupungua.

Mwanya huo ni hatua njema, ila hautoshi kwa kisa chetu. Kikande mkubwa ana kiwiliwili kinene, na ndiye hasa mwenye meno ya kumvunja nungu wa bahari. Si rahisi apenye pale anapopenya samaki mwembamba. Wa kumtoa ni mkono wa mvuvi. Hapa ndipo ubora wa dema unapodhihirika. Nyavu humchosha samaki na kumjeruhi, na mkuki humuua kabla hajajulikana ni nani. Dema humleta juu akiwa hai. Mwenye dema ana nafasi ambayo mvuvi wa mkuki hana, nayo ni nafasi ya kumtazama aliyenaswa na kuamua.

Mapendekezo yetu, basi, ni matatu. Mosi, vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo kanuni za mwaka 2007 ziliviwezesha kujiwekea sheria ndogo, vijadili kurudishwa majini kwa kikande wa mistari anayepandishwa hai. Wavuvi wenyewe wakubaliane, maana amri iliyotoka nje imekwisha kuonyesha udhaifu wake. Pili, chambo cha nungu wa bahari kiepukwe pale panapowezekana, kwa sababu ndicho kinachomwita kikande mtegoni. Mwani utawaita tasi na pono, ambao ndio mvuvi anaowataka. Tatu, elimu hii itolewe kwa Kiswahili. Matokeo mengi ya utafiti tuliyoyataja yaliandikwa kwa Kiingereza, katika majarida yasiyofika Mayungu wala Uyombo. Mvuvi aliyeuona mwamba ukibadilika kwa miaka 30 ana nusu ya maarifa yanayohitajika. Nusu ya pili imefungiwa katika lugha asiyoisoma. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalalamika mara kwa mara kwamba lugha yetu hainyimwi uwezo bali hunyimwa kazi. Kazi ndiyo hii.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi kunaswa kwa kikande katika madema na zana nyingine kunavyowaachia nungu wa bahari nafasi ya kuongezeka, na jinsi ongezeko hilo linavyousaga mwamba na kuwanyima malisho samaki ambao mvuvi anawategemea. Yameonyesha pia kwamba hali hii haitengenezwi kwa kuwaua nungu hao, wala kwa kuzifunga bahari zote, bali kwa kumrejesha mlaji wao pole pole, tengefu kwa tengefu na dema kwa dema.

Methali tuliyoanza nayo inauzungumzia mtego usiochagua, na ni kweli kwamba dema halichagui. Lakini panya akishafyatukiwa na mtego wake hana tena wa kumnusuru, ilhali kikande hupandishwa hadi chomboni akiwa angali anapumua, mbele ya mtu mwenye macho na akili. Asiyekuwemo anaweza kurudishwa kazini kwake. Kinachohitajika ni mvuvi aijue kazi hiyo ni ipi, na aambiwe kwa lugha yake kwamba inafanywa kwa faida yake.